Baiskeli Niliyoipeleka kwa Fundi Kabla ya Kesi

Nimestaafu. Ufunguo wa kabati la faili nimeukabidhi, na kiti changu, ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, kimepata mwenyewe mpya. Makarani vijana wa ile ofisi ya wakili hapa Meru waliniomba niwaandikie mambo niliyojifunza. Nadhani walitaka maelezo ya fomu. Fomu hubadilishwa kila mara, na hizo ninazozijua mimi zitawapoteza tu. Nitaandika kuhusu ajali za baiskeli, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kosa langu kubwa, na kwa sababu bado kuna watu watakaoingia pale mlangoni kuwauliza kama mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli anahitaji bima. Mimi nililijibu swali hilo vibaya kwa miaka mingi.

Nilianza kazi Embu, nikiwa nimetoka kidato cha nne na shati moja jeupe. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hivyo faili zote zilinuka dawa ya kupe, na wateja walidhani ni harufu ya sheria. Karani mkuu alikuwa Bwana Njeru, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa tepu ya kupimia na kipande cha chaki, tukateremka mpaka nyanda kavu za Mbeere, ambako mzee mmoja aliyebeba magunia ya makaa kwa baiskeli alikuwa amegongwa na lori.

Baiskeli ilikuwa imelala kando ya barabara, makaa yamemwagika. Niliona ni adabu kuiinua. Bwana Njeru akanipiga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Wacha. Ukiisimamisha itaanza kusema maneno yako. Sasa hivi bado inasema yake."

Aliizunguka mara tatu, mikono nyuma, kabla hajamsalimu mtu yeyote. Aliangalia upande ambao spoki zilikuwa zimepinda, rangi iliyobaki kwenye fremu, mahali mnyororo ulipokatikia. Kisha akanifanya nichore. Mchoro wangu ulifanana na mbuzi, lakini alinifundisha kuandika pembeni kila kipimo, na siku ya kesi tulipata haki ya yule mzee kwa sababu ya alama ya rangi ndogo kama ukucha. Kwa hivyo nisije nikasema sikufundishwa. Nilifundishwa vizuri sana.

Miaka kadhaa baadaye nilihamia Meru kufanya kazi na Wakili Kinya, mama mkali aliyesoma kila karatasi mara mbili na kuniuliza maswali kuhusu ukurasa ambao mimi nilikuwa sijaufungua. Kazi yangu ilikuwa kutafuta ripoti za polisi, kufuatilia fomu za matibabu hospitalini, kupiga picha mahali pa ajali na kuandika maelezo ya mashahidi. Wengi wa wateja wa ajali walikuwa watu wa baiskeli: walinzi, wapishi, mafundi, wauza mboga wa Gakoromone wanaofika sokoni kabla ya jua. Hao ni watu ambao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote barabarani. Gari linalazimishwa na sheria kuwa na bima. Pikipiki vilevile. Baiskeli hailazimishwi, na kwa sababu hailazimishwi, watu hudhani haihitaji.

Mmoja wao alikuwa Gitonga. Alikaa ng'ambo ya Kinoru na mkewe Nkatha, na alikuwa mpishi katika shule moja ya binafsi upande wa Gakoromone. Kila asubuhi aliondoka saa kumi na moja na mtungi wa maziwa nyuma ya baiskeli, akaupeleka kituo cha maziwa, kisha akaenda kupika uji wa watoto. Mara ya kwanza kumwona alikuja ofisini kuapa hati ya shamba. Alipomaliza kutia sahihi hakuinuka.

"Mzee, sisi watu wa baiskeli, kuna bima yetu?"

"Bima ya nini?" nilimwambia. "Na ng'ombe pia utamkatia?"

"Ng'ombe wangu haendi barabara kuu saa kumi na moja asubuhi."

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka. Kisha nikampa jibu nililowapa wote. "Ukigongwa na gari, bima ya gari italipa. Wewe kanyaga pedali tu."

Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu ile nyingine ndiyo inayovunja watu. Bima ya gari humlipa mwendesha baiskeli ikiwa gari limejulikana, ikiwa stika yake ya bima haijaisha, na ikiwa utaweza kuonyesha kwamba dereva ndiye aliyekosa. Haya yote sikumwambia. Alinishukuru, akavaa kofia yake ya sufi, akaenda.

Miezi michache baadaye aligongwa, kati ya Kinoru na mjini. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Dereva wa gari dogo la bluu alisimama, jambo ambalo si wote hufanya, lakini aliwaambia polisi kwamba Gitonga alichomoka kwenye kijia cha pembeni na kuingia barabarani bila taa wala rifleta, kile kioo cha kuakisi mwanga. Gitonga alisema alikuwa amekaa upande wake, akienda moja kwa moja, na gari lilimpiga kwa nyuma. Hapakuwa na shahidi mwingine. Mfupa wa mguu wa kulia ulivunjika mara mbili chini ya goti. Walimtia vyuma, na daktari akasema wazi kwamba utahitajika upasuaji wa pili, la sivyo mguu hautabeba uzito wa mtu. Mpishi wa shule husimama siku nzima mbele ya sufuria inayotoshea mtoto ndani. Kesi ilikuwa ni mguu huo. Tungeshinda yote, upasuaji ungefanyika. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na Nkatha alilijua kuliko mimi.

Polisi walilikagua gari. Baiskeli waliitupa nyuma ya kituo, juu ya mabati. Hakuna mkaguzi anayeitwa kuja kuangalia baiskeli. Nilienda kuiona, na ndani ya dakika mbili nilijua Gitonga anasema kweli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjwa kuelekea mbele. Madigadi ya nyuma, lile bati la kuzuia matope, ilikuwa imefinyangwa, na juu yake rifleta nyekundu, imepasuka lakini imeshikilia, na karibu nayo mkwaruzo wa rangi ya bluu. Kila kitu kilikuwa pale. Ningeipiga picha, ningemwita mkaguzi wa kujitegemea, na kesi ingekuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Lakini asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kumwona Nkatha. Nilimkuta njiani, mtungi wa maziwa mgongoni umefungwa kwa kamba ya kichwani, akipanda ule mlima kwenda kituo cha maziwa. Maziwa yakichelewa hurudishwa. Alikuwa ameachiwa ng'ombe, watoto, na mume wa kupelekewa chakula hospitalini.

"Mzee," aliniambia bila kusimama, "hiyo baiskeli wakikupa, nitengenezewe hata gurudumu tu. Ndugu yangu atanibebea maziwa."

Nilimwambia nitaona. Huko kituoni rafiki yangu mwenye pikapu alikuwa anaondoka kwenda Gakoromone, injini inanguruma, ananiuliza kama napanda au sipandi. Nikatia sahihi kwenye kitabu cha kutolea vitu, nikainua baiskeli, nikaipakia. Picha nitapiga kwa fundi, nilijiambia. Kwa fundi kulikuwa na foleni, nami nilikuwa na karatasi za kuwasilisha kortini kabla ya saa sita. Nikamwachia. Jioni niliporudi, baiskeli ilikuwa inang'aa. Gurudumu jipya la nyuma, fremu imenyooshwa kwa nyundo, madigadi mpya ya plastiki.

"Madigadi ya zamani iko wapi?"

"Mkokoteni wa skrapu umeshapita nayo," fundi alisema, akifuta mikono. "Mbona mzee, unataka kuifanyia nini? Kuivaa?"

Nilisimama pale na baiskeli nzuri mkononi. Halafu nikaipeleka kwa Nkatha. Alinishika mikono yote miwili. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alinitumia chupa ya maziwa ofisini, nami niliyanywa.

Sisi watu wa milimani huku baiskeli hatuiachi ikilala imevunjika. Tunaitengeneza kabla hata mwenyewe hajatoka hospitalini, kwa sababu ndiyo miguu ya nyumba. Ni desturi ya huruma, na kila karani kijana atajaribiwa nayo. Lakini kosa hilo la huruma lingeweza kusameheka kama ningeenda kwa Wakili Kinya asubuhi iliyofuata nikamwambia. Aliponiuliza baiskeli iko wapi, nilisema polisi hawaioni. Nilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua isiingie.

Uongo huo ulitaka chakula. Kampuni ya bima ya lile gari ilipoandika barua kutaka kuiona baiskeli, ofisi ilijibu kwamba imepotea. Nilipoandika maelezo ya Gitonga, yale ya kuwasilishwa kortini, niliingiza jambo hilo humo. Nilimpelekea nyumbani atie sahihi. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Aliyasoma kwa kidole, Kiingereza chake cha shule kikimtosha.

"Mzee, hapa umesema baiskeli ilipotelea kwa polisi."

"Ndiyo."

"Na hiyo imesimama hapo nje?"

"Hiyo ni nyingine," nilimwambia. "Gurudumu jingine, madigadi nyingine. Ile iliyogongwa imepotea kweli."

"Wewe ndiwe unajua mambo ya korti," alisema, akatia sahihi.

Kesi ilipofika mbele ya hakimu, Gitonga aliingia kizimbani kwa magongo mawili. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi. Wakili wa kampuni ya bima alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na mimi huogopa wapole kuliko wanaofoka. Alimuuliza habari za kijia, za mwanga, za maziwa. Kisha akasema:

"Rifleta ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Tuonyeshe."

"Ilikuwa kwa baiskeli."

"Na baiskeli iko wapi?"

Gitonga alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeketi nyuma ya Wakili Kinya, faili magotini. Sikuinua uso.

"Ilipotea."

"Ilipotelea wapi?"

"Kwa polisi."

Yule kijana alishukuru akaketi. Alipofika wakati wake wa kuita mashahidi, hakuanza na dereva. Aliita askari wa kituo, naye askari akaja na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Nilikijua kitabu hicho kabla hakijafunguliwa.

"Soma hapo nilipoweka alama."

"Baiskeli moja nyeusi, gurudumu la nyuma limepinda. Imechukuliwa na..." Askari akasoma jina langu lote, na namba ya kitambulisho.

"Unamfahamu mtu huyo?"

"Namfahamu. Ni yule pale mwenye koti la kahawia."

Wakili Kinya hakugeuka. Alichana kipande cha karatasi, akaandika maneno mawili, akanipitishia nyuma ya mgongo wake: *Ni kweli?* Nikaandika *Ndiyo* nikamrudishia. Aliisoma, akaikunja mara nne, akasimama kuomba mapumziko mafupi.

Kwenye ujia wa nje alisimama karibu nami sana. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Iko wapi?"

"Nyumbani kwake. Niliitengenezesha."

"Picha?"

"Sina."

"Na yeye alitia sahihi akijua?"

"Aliuliza. Nilimwambia atie tu."

Alifumba macho kidogo. Gitonga alikuwa kwenye benchi hatua chache kutoka kwetu, magongo yamelala mapajani, anatusikia.

"Wakishamaliza, nitaomba ruhusa ya kukuita," Wakili Kinya alisema. "Utaingia pale ndani useme kila kitu. Sitakusaidia kupanga maneno."

Hakimu aliruhusu, ingawa wakili wa bima alipinga. Nimeingia korti hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kujua kizimba kina mbao laini kiasi kile. Watu wamezishika mpaka zimekuwa kama mpini wa jembe. Nilieleza: Nkatha, pikapu, fundi, madigadi, rangi ya bluu. Nilisema nilivyoona kwa macho yangu. Kisha yule kijana akainuka.

"Umefanya kazi hii muda gani?"

"Zaidi ya miaka ishirini."

"Na hukujua kwamba ushahidi haupelekwi kwa fundi?"

"Nilijua."

"Leo unasema uliona rangi ya bluu. Hapo awali ulisema baiskeli imepotea. Tuamini lipi?"

"La leo."

"Kama askari hangeleta kitabu hiki, leo ungesema?"

Nilimwona Gitonga. Alikuwa ameinama mbele, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna kitabu cha polisi kinachoandika mtu angefanya nini.

"Singesema," nilijibu.

Hakimu aliinua kichwa, akaniangalia, akaandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Hakimu alisema hakuna kitu kilichobaki cha kupima neno la dereva na neno la mwendesha baiskeli, na kwamba mdai mwenyewe alikuwa ametia sahihi jambo asiloliamini. Alimgawia kila mmoja nusu ya lawama. Nusu ya lawama maana yake ni nusu ya fidia, na hiyo nusu ilimalizikia kwenye deni la matibabu ya kwanza. Upasuaji wa pili haukufanyika. Gitonga anatembea kwa gongo mpaka leo, na jiko la shule lina mpishi mwingine. Wakili Kinya hakunifukuza. Alinitoa kwenye kazi za ajali, akanipa za mirathi, na kwa muda mrefu alisoma karatasi zangu mara tatu.

Basi nilijibu lile swali upya, peke yangu, nikipanga faili za watu waliokufa. Je, mtu wa baiskeli anahitaji bima? Sheria haimlazimishi. Lakini kuna bima ya ajali ya mtu binafsi, ambayo hutazama kama umeumia, haitazami nani alikosa. Mwenye bima hiyo hangojei dereva akiri, hangojei polisi, hangojei karani aseme kweli. Ina mipaka, na mteja lazima asomewe ile mistari midogo: je, inamfunika akiwa kwenye baiskeli, au akiwa kazini tu? Je, inalipa matibabu, au inalipa kifo na kilema peke yake? Je, akimgonga mama wa watu anayevuka na kikapu chake, kuna mtu wa kumlipa yule mama? Kwa kawaida hakuna, hiyo ni bima nyingine, na ya tatu ni ile ya gharama za kesi, ambayo huku kwetu wachache wanaiuza na wachache zaidi wanaieleza. Si kila mtu ataimudu. Kuna walionijibu kwamba pesa hiyo ni ya unga. Ila mwambieni yote, mkae naye mpaka aelewe, halafu achague mwenyewe. Msicheke.

Na baiskeli iliyogongwa iacheni ilivyo. Mwenye nyumba akihitaji ya kubebea maziwa, mtafutieni ya kuazima.

Nakala ya hukumu niliipeleka mwenyewe. Wakili Kinya alitaka kumtuma mtu mwingine, nikamwomba aniachie. Nilimkuta Gitonga ameketi mlangoni pa nyumba, mguu kwenye kigoda. Nkatha hakuwa amefika kortini hata siku moja kwa sababu ya ng'ombe. Alijua tu kwamba tumepata nusu. Alinikaribisha kama kawaida, akaniletea chai ya maziwa. Gitonga aliipokea ile bahasha, akaitoa karatasi, akanirudishia.

"Msomee Mama Mwenda," alisema, akimwonyesha mkewe. "Kwa Kimeru. Yote."

"Wewe hujamwambia?"

"Nilitaka usome wewe."

Nilisoma sentensi moja moja kwa Kiingereza moyoni, nikaisema kwa Kimeru kwa sauti. Nkatha alikuwa amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango. Nilipofika pale hakimu alipoandika kuhusu karani wa wakili, karani aliyeondoa baiskeli kituoni, akaipeleka kutengenezwa, kisha akaficha, sikuruka neno.

"Huyo karani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni hii baiskeli ya maziwa?"

"Ndiyo."

Alifikiri. Niliona wazo likimfikia, na ningetoa chochote lisimfikie.

"Kwa hivyo ni mimi. Mimi ndiye nilikuomba uitengeneze."

"Wewe uliomba baiskeli, mama. Hukujua. Mimi nilijua."

Alikuja akachukua kikombe changu, chai bado iko nusu, akaingia nacho ndani. Tulimsikia akiimwaga. Nilikunja ile hukumu nikataka kusimama.

"Kaa," Gitonga alisema. "Kuna ukurasa umebaki. Soma kwa nguvu kidogo, ndiyo asikie akiwa huko jikoni."

Nikaikunjua, nikaendelea kusoma.